Mshauri wa Nyuma ya Kinu

Mjini hakumsalimia mwanamke yeyote. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa Eldoret walilijua kumhusu, na wengi hawakujua lingine. Hapa kwetu salamu haiharakishwi. Mtu atasimamisha mkokoteni katikati ya barabara, magari yapige honi nyuma yake, mradi aulize habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, na kama mvua imefika upande wa kwenu. Yeye alipita. Alibana mkoba wake wa kahawia kwapani, akatazama mbele kama mtu aliyeacha maziwa kwenye moto, na hata kama mmekuwa majirani kwa miaka, ukiwa na mtu kando yako alikupita kama anavyopita nguzo ya stima.

Ukimsalimia wewe kwanza, mambo yalibadilika. Alisimama, akaweka mkoba chini, akakushika mkono kwa mikono yake miwili, na habari zake zilikuwa ndefu kuliko za mtu yeyote. Ila lazima uanze wewe.

"Ana maringo," wanawake walisema kwenye foleni ya kinu.

"Si maringo, ni shule," mwingine akajibu. "Mtu akisoma sana shingo inakauka."

Tulimwita Mshauri. Kazi yake ilikuwa kukaa na wanawake waliopigwa na waume zao, au na wanaume waliokuwa wakiishi nao, na kuzungumza nao mpaka hofu ipungue na mtu aanze kulala, kula na kucheka tena. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wake, nikisaga mahindi kwenye posho mill ya Mzee mmoja huko Langas. Sikuwa mtu wa kukaa mahali. Niliacha shule kabla ya kumaliza la saba, na tangu hapo nimepakia mbao Turbo, nimeosha sahani kule chuoni Chepkoilel, nimevuna mahindi ya watu Sugoi, nimekuwa turnboy, utingo wa lori, mpaka Malaba. Kila nilipochoka na njia nilirudi kwa kinu cha Mzee, na kila niliporudi nilimkuta Mshauri bado yuko nyuma ya ukuta. Nafikiri yeye alikuwa sababu mojawapo ya kurudi kwangu. Nilitaka kujua anafanya nini mle ndani.

Maana sikuelewa. Mtu amevunjwa mbavu, unampa maneno? Daktari ana sindano, mganga ana mizizi, pasta ana mafuta. Yeye alikuwa na viti viwili, meza ndogo na thermos ya chai. Viti hivyo alivipanga mwenyewe kila asubuhi, kile cha mgeni kikiwa karibu na mlango na chake kikiwa ndani kabisa, ili asiwe kamwe kati ya mtu na njia ya kutokea. Mlango wenyewe alinifanya niubadilishe komeo, likae mahali ambapo aliyeketi kwenye kiti cha mgeni angelifikia bila kusimama.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa juu ya chumba. Kinu cha stima si jirani wa mtu anayetaka kuzungumza. Kikianza, vikombe vinatembea mezani. Nilidhani mwenye nyumba alimwonyesha chumba siku ya Jumapili, kinu kikiwa kimezimwa.

"Mama, si ungetafuta mahali pametulia? Hapa hata kuomba Mungu huwezi."

"Wewe ukiwa huko kwako unanisikia?"

"Sikusikii hata ukipiga nduru."

"Basi," akasema, akaendelea kumenya ndizi yake.

Ilinichukua muda kuelewa. Vyumba vya mtaa wetu ni vya mbao na mabati. Jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Hakuna neno ambalo mwanamke angelisema humo bila mtaa mzima kulila na ugali jioni. Kwa hiyo Mshauri alizunguka mji akitafuta kelele, akapata yetu.

Stima ikipotea, kinu kilinyamaza, na yeye alinyamaza papo hapo. Hata kama mwanamke alikuwa katikati ya neno, aliinuliwa mkono wa kumnyamazisha, akamiminiwa chai, wakakaa kimya kama watu wanaongojea gari mpaka stima irudi. Najua kwa sababu huo ndio wakati pekee ambao ningeweza kusikia kitu, na kitu pekee nilichowahi kusikia ni chai ikiingia kikombeni.

Kinu kiliwapa wanawake jambo lingine: sababu ya kutoka nyumbani. Mtu alikuja na makopo mawili ya mahindi, gorogoro mbili, kwenye karai, akaniachia, akazunguka nyuma. Alipotoka unga ulikuwa tayari, bado wa moto. Mume akiuliza ulikuwa wapi, jibu liko kwenye karai. Akiuliza mbona umekawia, ni foleni. Foleni yenyewe ilikuwa mimi. Kuna wanaume waliokuja kuhakikisha, wakasimama mlangoni wakijifanya wanatafuta kiberiti, nami nikawaonyesha magunia.

"Unaona kazi iliyoko, boss? Wake zenu watazeekea hapa."

Mshauri hakuniomba kamwe niseme hivyo. Hakunikataza pia.

Sasa nije kwa jambo lililonichanganya zaidi. Nje ya kile chumba sijaona mtu aliyependa kutoa ushauri kama yule mama. Alimwambia fundi wa viatu kwamba anashika nyundo kama kijiko cha uji. Alimwambia Mzee, aliyesaga mahindi tangu mimi nikiwa na makamasi, kwamba mahindi yake hayajakauka. Mimi aliniambia nioe, kisha akanitazama vizuri akasema nisioe kwanza, ninunue viatu. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa viazi. Hangeweza kupita penye viazi vinavyouzwa bila kuchukua kimoja, kukigeuza juani na kumweleza mwenyewe kwamba hiki kimeachwa juani, kimekuwa kijani, kitamkata mtu tumbo. Hapo hakungoja salamu. Alianza na kiazi moja kwa moja.

Ndani ya chumba, eti hashauri hata kidogo. Wanawake wenyewe walilalamika wakingojea unga.

"Nimemwuliza, niondoke ama nikae? Ananiuliza, wewe unaonaje? Si hiyo ndiyo nimekuja kuuliza!"

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikalia. Halafu nikajikuta nimeongea mpaka chai ikapoa."

"Sasa utarudi?"

"Nitarudi. Mahindi si bado yako?"

Alikuwa na ujasiri wa ajabu na woga wa ajabu, na vyote viwili nimeviona kwa macho yangu. Mwanamume mmoja alimjia na rungu, akipayuka kwamba anaharibu wake za watu. Mshauri alitoka, akamwangalia, akamwambia, "Rungu liache hapo nje, mlango ni mwembamba. Chai unakunywa na sukari?" Yule mtu alisimama kama aliyesahau alichotumwa, akatukana kidogo, akaenda zake. Lakini Mzee alikuwa na bata mzinga, dume moja baya, lililokula mahindi yaliyomwagika na kutembea pale uani kama chifu. Bata huyo Mshauri alimwogopa mpaka kupiga kelele.

"Kijana wa kinu! Njoo umtoe huyu mnyama!"

"Ni ndege, Mama."

"Ndege gani ana ndevu?"

Siku moja nilimcheka. Nikamwambia, wewe unafundisha watu wasiogope, na unakimbia kitoweo.

"Sijamfundisha mtu asiogope," akasema, bado amejificha nyuma yangu. "Namsaidia ajue anaogopa nini hasa. Mimi najua. Ni huyu. Mtoe."

Jambo lingine ni harusi. Ungedhani mtu anayesikia kila siku yanayotendeka ndani ya ndoa angekimbia harusi kama ukoma. Alizipenda. Alialikwa na hakukosa. Alivaa gauni lake la zambarau, akacheza mpaka viatu vikamshinda, akalia wakati wa viapo. Kuna watu wa kanisa waliomwita mvunja ndoa, na hao hao walimkuta mbele kabisa akipiga vigelegele. Nikamwuliza, unayajua unayoyajua, unachezaje pale?

"Kwanza napenda keki," akasema. "Pili, sijawahi kusikia ndoa imempiga mtu. Anayepiga ni mtu."

Kuhusu salamu, nilimwuliza siku stima ilipopotea asubuhi ikakataa kurudi. Hakuna aliyekuwa na kazi. Tuliketi kwenye magunia, yeye na mkoba wake, mimi na udadisi wangu, na nikamwambia waziwazi kwamba watu wanasema anaringa.

"Wanasema ukweli wanaouona," akajibu. Kisha akaniambia. Zamani, alipokuwa anaanza, alikutana sokoni na mwanamke aliyekuwa akija kwake. Alifurahi kumwona. Akafanya alivyolelewa, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya: akapaza sauti, akamshika mkono, akamwambia umepotea sana, habari ya siku. Mume alikuwa nyuma, amebeba kabichi. Akatabasamu, akasalimia vizuri. Walipofika nyumbani akauliza, yule mama mmejuana wapi? Mwanamke hakuwa na jibu tayari.

"Alirudi kwangu mkono ukiwa kwenye plasta," Mshauri akasema. "Hakunilaumu. Aliniomba msamaha yeye, eti alikosa kufikiria haraka."

Nikamwambia, basi si uache kuwasalimia hao wanaokuja kwako tu. Wengine wana kosa gani?

"Nikimsalimia huyu na nimruke yule, mtu mwenye macho atajua ni nani anakuja kwangu. Wote nawapita. Anayetaka kunijua ataanza yeye."

Alichukua punje za mahindi sakafuni, akaanza kuniambia Mzee anaziacha nje sana.

Hayo yote nilikuwa nikiyakusanya kwa sababu napenda kujua mambo ya watu. Kisha siku moja mtu niliyemjua akashusha karai mbele yangu. Alikuwa dada yangu, yule aliyenitangulia kuzaliwa, aliyenibeba mgongoni na kunifunga viatu. Aliishi ng'ambo ya mji na mume wake, na mume wake nilimpenda. Shemeji alikuwa mtu wa mzaha, hakuwahi kuniona bila kuninunulia soda. Jua lilikuwa kali na dada alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu, imefungwa mpaka shingoni.

"Kuna mama huku nyuma?" akauliza.

"Unamtakia nini?"

"Saga mahindi."

Akazunguka. Nilisaga yale mahindi, na sikumbuki kama niliweka chujio la unga laini ama la chakula cha kuku. Siku hiyo kazi ilikuwa kidogo. Watu wawili waliokuwa mbele walichukua unga wao wakaondoka, mahindi ya dada yakaisha, na mashine ikawa haina kitu tumboni. Hapo mtu huzima. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Ukuta ulikuwa mbao tupu. Nilikuwa na maswali ya miaka kuhusu chumba kile, na sasa nilikuwa na swali kubwa kuliko yote: shemeji amefanya nini, na tangu lini? Kubonyeza swichi tu, ningejua.

Nilitoa mkono. Nikachota pumba kwenye gunia, nikaimwaga ndani, ikatoka, nikaichota tena. Pumba ilipokuwa vumbi niliiacha mashine ikinguruma peke yake. Mzee akatokea, kofia mkononi.

"Wewe! Unasaga nini? Hewa?"

"Nasafisha mashine, Mzee."

"Na stima yangu?"

"Imeziba, Mzee. Sikiliza vile inalia."

Alisikiliza. Akaangalia karai la unga lisilo na mwenyewe. Akaangalia ukuta. Akaondoka akinung'unika kwamba mimi nitamrudisha kwa jembe. Lakini miezi michache baadaye nilitoka kununua maandazi, na niliporudi nikakuta hakuna mteja, kinu kinanguruma kitupu, Mzee amesimama kando yake akijikuna sikio. Sikumwuliza. Yeye mwenyewe akasema, "Nasafisha."

Dada hakuniambia kitu, nami sikuuliza, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kubeba gunia. Kisha akatoroka. Alikimbilia kwa mama yetu akiwa na watoto, jicho moja limevimba likafunga. Baada ya siku kadhaa shemeji akaja na wazee wa kwao, kama inavyofanyika. Waliketi sebuleni, na dada ndiye aliyewapikia chai, dada ndiye aliyewamiminia. Shemeji aliongea vizuri. Alisema ibilisi alimwingilia. Wazee wakasema watoto wanahitaji baba, wakasema nyumba haikosi moshi, wakamgeukia dada akiwa bado amesimama na birika. "Mama watoto, umekubali?"

Akasema amekubali.

Nilipanda gari la kwanza kurudi mjini. Sikumngoja Mshauri amalize chai.

"Mama, mwambie asirudi kwa yule mtu."

"Nani?"

"Dada yangu."

"Dada yako simjui."

"Mama, amekuja hapa! Mimi ndiye nimemsagia!"

"Simjui dada yako," akasema tena polepole, na nikaelewa kwamba hata mbele yangu, hata mbele ya Mungu, hangekubali kwamba anamjua. "Lakini tuseme kuna mwanamke fulani. Baba yake alimwambia olewa. Mume alimwambia kaa hapa, usiende pale. Wazee wamemwambia rudi. Leo nije mimi nimwambie toka. Mimi nitakuwa nani kwake? Mwingine tu wa kumwambia."

"Na akiuawa?"

Alishika thermos amimine chai, akakosa kikombe, chai ikamwagika mezani. Yule mama aliyemkaribisha mtu wa rungu aliifuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka meza ikakauka na bado akafuta.

"Hilo," akasema, "usinifikirie silijui." Kisha akauliza kama anayeuliza bei ya unga: "Huko kwako kwenye magunia kuna mahali pakavu? Mahali mtu anaweza kuweka mfuko ukae?"

Nikasema pako.

Dada alirudi kwa mume, na akaendelea kuja na mahindi. Safari ya kwanza aliniachia mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Aliniambia, weka. Safari iliyofuata alitia humo sweta za watoto. Kisha viatu. Kisha kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Niliviweka chini ya magunia nyuma, na kila alipokuja nilitazama mkononi mwake kuona ameleta nini. Sikujua lolote kuhusu waliyokuwa wakizungumza, lakini nilikuwa naona mfuko ukinenepa. Wakati mwingine hakuleta kitu, na nilitaka kumtingisha. Wakati mmoja alichukua sweta moja akarudi nayo nyumbani, nami sikula siku hiyo.

Kisha akaja asubuhi moja bila mahindi. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na watoto, mmoja kila mkono.

"Nipe mfuko wangu," akasema.

Shemeji alikuja baadaye. Hakuwa na soda. Mzee alimkuta mlangoni, akamwambia hapa tunasaga mahindi tu, kama una mahindi leta. Alikuja mara nyingine tena, kisha akaacha. Dada alikuwa Chepsaita, amepewa chumba na rafiki wa mama.

Nilidhani hadithi imeishia hapo: mtu ameondoka, amepona. Lakini dada aliendelea kupanda gari kutoka Chepsaita kuja kwa Mshauri, muda mrefu, na mimi nikashangaa. Sasa kuna nini tena cha kuzungumza? Ndipo nikaona. Tukiwa na dada nyumbani, geti la jirani likigongwa, alidondosha sufuria. Mwanamume akicheka kwa sauti barabarani, aliwaita watoto ndani. Mume alikuwa amebaki ng'ambo ya mji, lakini hofu ilikuwa imepanda gari pamoja naye.

Baadaye sana, alipotaka mwenyewe, aliniambia kidogo. Aliniambia Mshauri alimfanya aisimulie siku moja tu, ile mbaya kuliko zote, polepole, tangu alipoamka: alivaa nini, redio ilikuwa inasema nini, sufuria gani ilikuwa jikoni. Akimaliza, wiki nyingine aisimulie tena. Mara za kwanza mwili ulikuwa unadhani siku hiyo inatendeka pale pale, unatoka jasho. Hapo Mshauri alimwambia aweke kiganja ukutani.

"Ukuta ulikuwa unatetemeka," dada akasema. "Kwa sababu ya mashine yako. Ananiuliza, huo ni ukuta wa wapi? Nasema, wa Langas. Nyumba ya kule ilikuwa inatetemeka? Nasema hapana. Basi uko wapi sasa? Niko Langas, kwa kinu cha ndugu yangu." Akacheka. "Ikafika siku fulani nikasimulia mpaka mwisho bila kugusa ukuta. Ikawa ni siku tu. Mbaya, lakini imepita."

Kulikuwa pia na kamba na mawe mle chumbani, jambo ambalo mtaa wote ulisema ni uganga; hilo nalo dada alinieleza. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa mtoni Sosiani kuleta mawe. Mshauri aliyarudisha mengine, eti ni makubwa, anataka ya kushikika kwa mkono mmoja. Watu waliona mawe yakiingia, wakaona kamba, wakaona maua ya uani, wakamaliza wenyewe. Kumbe ile kamba ni maisha ya mtu, yametandazwa sakafuni tangu utotoni. Penye ubaya unaweka jiwe, penye wema unaweka ua. Dada alisema alikuja na mawe kichwani tu, na alipomaliza aliona kuna maua ambayo hakuyakumbuka. Ua moja lilikuwa la kufunga viatu vya mtoto aliyekataa kwenda shule. Mwisho wa kamba Mshauri hakuutandaza. Uliachwa umekunjwa, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo.

Siku hizi Mshauri amestaafu, amerudi shambani upande wa Turbo. Chumba kina msichana aliyefundishwa naye. Viti viko vile vile, cha mgeni karibu na mlango. Na huyo msichana pia hasalimii watu mjini. Wameanza kumsema.

Nilimwona Mshauri mara ya mwisho siku ya soko pale Chepsaita. Dada anauza mitumba pale, sweta hasa, na mimi nilikuwa nimepita kumsaidia kufungua bale la nguo. Wateja wawili walikuwa wameinama kwenye rundo: mama mmoja wa kanisa lake, mwenye sauti kubwa, na mwanamke mwingine mnyamavu aliyeshika sweta ya mtoto muda mrefu bila kuuliza bei. Nikainua kichwa, nikaona mkoba wa kahawia. Sasa ulikuwa na fimbo kando yake, na mwendo ulikuwa wa polepole, lakini macho yalitazama mbele vile vile. Alituona. Najua alituona. Akatupita kama nguzo ya stima.

Nilifungua mdomo nikaufunga. Salamu ile haikuwa yangu kuianza. Nikamtazama dada. Alikuwa amesimama na sweta mkononi, anamtazama Mshauri akienda, na mimi nilikumbuka sebule ya mama, birika, wazee wakingoja jibu.

Akaitupa sweta juu ya rundo.

"Mama!" akaita, soko zima likageuka. "Mama, unanipita hivyo? Simama nikusalimie!"

Mshauri alisimama. Akaweka mkoba chini kwenye vumbi. Walishikana mikono yote minne, wakaulizana habari ya nyumbani, ya watoto, ya mahindi, ya magoti, wakarudia kutoka mwanzo.

"Na huyu mama ni nani?" mama wa kanisa akauliza. "Mmejuana wapi?"

Nikaona vidole vya Mshauri vikikaza kwenye mkono wa dada.

"Wakati nilikuwa napigwa na mume wangu," dada akasema, kwa sauti ile ile anayotajia bei ya sweta, "huyu ndiye alikaa na mimi."

Mama wa kanisa akasema eh. Akasema Mungu ni mkubwa. Akakumbuka ana sukuma wiki ya kununua, akaenda. Yule mnyamavu hakwenda. Alikuwa bado na sweta ya mtoto, ameikunja na kuikunjua mpaka imechoka. Aliangalia nyuma yake, akasogea karibu na dada, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kusogea.

Mshauri alimwona kabla yangu. Akawageuzia mgongo papo hapo, kama mtu asiyetaka kukumbuka uso wa mtu, akamkabili mwanamke aliyekuwa akiuza viazi jirani yetu.

"Na hivi?" akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nani alikudanganya hivi ni viazi vya kuuza? Tazama! Kijani! Umeviacha juani tangu lini?"

"Mama, hivyo vimetoka shamba asubuhi!"

"Asubuhi ya mwaka gani?"

"Wee Mama, usiniharibie soko!"

"Unataka kumkata mtu tumbo!"

Watu wakaanza kusogea kuangalia. Mshauri akanitupia jicho, mara moja tu, jicho la kazi. Nyuma yake wale wawili walikuwa wamekaribiana kabisa, na sikusikia hata neno moja la walichokuwa wakisema. Nikaokota kiazi, nikakiinua juu kila mtu akione, nikaongeza sauti.